Mto Lumbira Haukuhamishwa na Mvua

Nyinyi mnaoanza kazi ya kupima mito leo mnakwenda mtoni na vifaa vinavyoongea na setilaiti. Nawaonea wivu, sikatai. Mimi nilifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, nusu Iringa na nusu Mbeya, nikiwa na kamba, fimbo ya kupimia kina, penseli iliyofungwa uzi shingoni, na suruali ambayo haikuwahi kukauka kati ya Desemba na Mei. Watu wa vijijini waliniita Bwana Rula, maana kila waliponiona nilikuwa nimeinama mtoni nasoma ule ubao wenye namba unaosimikwa kwenye maji. Sasa nimestaafu, nakaa Iyunga, nafuga kuku na kubishana na redio. Lakini kuna jambo limenikera hadi chai hainishuki, na kwa kuwa sehemu kubwa ya jambo hilo ni kosa langu mwenyewe, nawaandikia kabla nanyi hamjalirudia.

Mtasikia mara nyingi watu wakisema mto umehama. Daraja limebaki linaning'inia, mto umehama. Shamba la fulani limemegeka, mto umehama. Utadhani mto ni mpangaji aliyekunja godoro lake alfajiri akaondoka bila kuaga. Ni kweli mto unaweza kuhama kwa mvua, nami nimeuona ukihama. Lakini katika safari nyingi nilizotumwa kwenda kuangalia mto uliohama, kitu cha kwanza nilichokikuta ukingoni kilikuwa alama za matairi.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, nilipigiwa simu na binti mmoja anaitwa Neema, mtumishi mpya katika ofisi niliyoiacha. Akaniamkia vizuri, akaniuliza habari za kuku, halafu akasema, "Mzee, nina kituo chako cha mto Lumbira. Kwenye ramani kiko katikati ya majaruba ya mpunga. Nikienda kwa mguu nakikuta mtoni, mbali kabisa na pale. Nani kakosea, ramani au mimi?"

Nilimwambia aje nyumbani, tuongee ana kwa ana. Ramani ilikuwa sahihi na Neema alikuwa sahihi. Aliyekosea nilikuwa mimi, na kosa lenyewe nilikuwa nimeliweka kifuani kwa miaka mingi nikijidanganya kwamba limeshakufa.

Kabla sijafika huko, niwaambie nilifundishwa na nani, msije mkadhani niliharibu kwa kutojua.

Aliyenifundisha ni Mzee Nyenza, Mhehe mfupi, mkali, ambaye alikaa ndani ya maji maisha yake yote na hadi anastaafu hakujua kuogelea. Siku yangu ya pili kazini, kwenye mto mmoja chini ya mji wa Iringa, niliangusha mtoni kile kipimo kidogo cha shaba chenye pangaboi linalozunguka kwa nguvu ya maji ili tujue mwendo wake. Kilikuwa kimoja tu ofisini. Nikaanza kupapasa pale pale kilipoangukia huku nalia kimoyomoyo. Mzee Nyenza hakunifokea. Aliniuliza kama nimewahi kuona mtu mwenye mzigo akiutua katikati ya mbio. Akanitembeza chini, tukapita kona ya kwanza ya mto, akanionyesha upande wa ndani wa kona, pale maji yanapopunguza mwendo, akaniambia nichimbe kwenye changarawe. Siku hiyo sikukipata. Nilikipata siku ya tatu, kona ya pili, upande wa ndani, kimekaa na vijiwe vya uzito kama wake.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho nyinyi mnafundishwa kwa michoro. Mto unakula ukingo wa nje wa kona na unatua mzigo upande wa ndani. Kona ndizo zinazoupunguzia mto mbio. Ukimwona mtu anakwambia kona za mto ni uharibifu wa ardhi, kwamba mto ukinyooshwa utatulia, ujue mtu huyo ama hajawahi kutazama maji, ama ana shamba upande wa nje wa kona.

Jambo la pili la Mzee Nyenza lilitufanya vijana tumcheke sana. Mnajua kwamba kila ubao wa kipimo una jiwe lake la alama ukingoni, kipande cha saruji chenye msumari juu, ili ubao ukizolewa na maji uweze kusimikwa upya kwa urefu ule ule. Sisi tulichimba shimo, tukamwaga saruji, tukamaliza. Yeye alianza kwa kumwaga mkaa chini ya shimo, nusu debe, na juu ya mkaa vipande vya chupa, ndipo saruji ifuate. "Saruji wataing'oa wakajengee jiko," alisema. "Mkaa wa ardhini nani atauiba? Hauozi, mchwa hawaugusi, na plau ikipita juu unabaki pale pale." Tukampa jina la mganga. Na kweli, kijiji kimoja walipotuona tunafukia mkaa na chupa kando ya banio lao, kile kizuizi cha kuingiza maji mferejini, walituweka chini ya ulinzi kutwa nzima, wakidhani tunauloga mfereji wao. Mzee Nyenza akafukua kila kitu, akawaeleza, akafukia tena, na mwenyekiti wao akatusindikiza hadi barabarani akiwa na kuku wa kutuomba radhi.

Nilipohamia Mbeya niliuendeleza utaratibu huo kwa mazoea tu. Sikuwa na imani nao.

Sasa kuhusu hasira yangu. Nilipokuwa Iringa nilipita sana kwenye vinyungu, zile bustani za kiangazi zinazolimwa mabondeni kando ya maji. Zamani kila kinyungu kiliacha ukanda wa matete ukingoni, na matete yalishika udongo. Watu walipozidi na ardhi ikapungua, jembe likasogea, mwisho likafika kwenye mdomo wa mto, na masika yakija ukingo unaondoka na kabichi zake. Hilo ni kosa, na niliwaambia waliolima hivyo. Lakini nimewaona wale akina mama wakikamatwa, majembe yao yakitupwa kwenye gari, wakisimamishwa juani kama wezi. Miaka hiyo hiyo nilimwona mtu mwenye katapila akiupasua mto mzima, na watumishi wa serikali, mimi nikiwa mmoja wao, tukakaribishwa kwake kwa chai na maandazi. Mwenye jembe tunampeleka mahakamani, mwenye mashine tunamwita mdau. Hilo linanichefua hadi leo.

Lumbira ni mto mdogo. Unashuka milimani, unapita karibu na Chimala, unaingia bondeni kwenye mpunga. Kijiji cha Itandula kiko upande wa machweo, Lusungo upande wa mawio, na mpaka wao ni mto. Wazee wa vijiji hivyo viwili waliwekeana makubaliano tangu zamani, na kila mtu mzima pale anayajua: mto ukihamishwa na mvua, mpaka unaufuata mto, maana mvua haina upendeleo. Mtu akiuhamisha mto, mpaka unabaki pale pale ulipokuwa. Niliyasikia makubaliano hayo mara tu nilipohamia Mbeya na nikayasifia sana. Yakumbukeni, kwa sababu kosa langu linakaa humo.

Chini kidogo ya vijiji hivyo mto ulikuwa na kona kubwa iliyojikunja kuelekea Lusungo. Ndani ya kona, upande wa Itandula, yalikuwa majaruba ya Mama Zuhura. Yeye na mumewe walitoka ukoo wa wafanyabiashara Waislamu wa Chimala, lakini wao waliachana na duka wakaingia kwenye mpunga. Mumewe ndiye alikuwa msomaji wetu: asubuhi na jioni anakwenda ukingoni, anasoma ubao, anaandika kwenye kadi, nami naikusanya mwisho wa mwezi. Alipofariki, Mama Zuhura alimaliza eda, akaniletea kadi yenye safu tupu za siku zote zile, akasema hakutaka kubuni namba. Akaomba aendelee kusoma yeye.

Niwaeleze maana ya jambo hilo. Nimefanya kazi na wasomaji wengi, na wengi wao, Mungu awasamehe, walijaza kadi wakiwa wamekaa barazani. Mmoja aliniandikia kwamba mto umepanda sentimita mbili kila siku mwezi mzima, wakati mto wenyewe ulikuwa umekauka na watoto wanachezea mpira ndani yake. Mama Zuhura hakuwa hivyo. Hakukosa hata siku moja, na kila namba aliyoiandika kwenye kadi yangu aliinakili pia kwenye daftari lake la shule lenye jalada la karatasi ya gazeti. Nilimuuliza daftari la nini. Akanijibu kwamba kadi ninazichukua mimi, na yeye naye ana haki ya kuujua mto wake.

Upande wa pili, Lusungo, nje ya kona, palikuwa na shamba kubwa la tajiri mmoja ambaye hakukaa pale. Alikuwa na meneja. Kila masika mto ulimega ukingo wa shamba lile kidogo, kama kona zote duniani zinavyofanya. Mwaka mmoja, katikati ya kiangazi, meneja akaleta katapila. Kwa siku chache tu lilichimba mfereji ulionyooka kwenye shingo ya kona, pale ncha zake mbili zilipokaribiana, likaziba mdomo wa mto wa zamani kwa mawe na udongo, na maji yakaelekezwa njia mpya. Majaruba ya Mama Zuhura yalilala upande wa machweo wa mto, yakaamka upande wa mawio. Mto wa zamani ukabaki madimbwi, na kabla ya masika meneja alikuwa ameshausawazisha na kuupanda mpunga.

Nilifika baada ya wiki mbili hivi. Ubao wangu ulikuwa umesimama kwenye dimbwi la vyura. Mama Zuhura alinipa kadi. Ilikuwa imeandikwa vizuri kama kawaida: arobaini na mbili, arobaini na mbili, arobaini na moja, arobaini na moja, halafu jioni moja sifuri, na pembeni yake maneno, "Hakuna maji. Katapila." Akaniuliza nitafanya nini. Nikamwambia aniachie.

Nikaenda kwa meneja nikiwa na hasira za kweli. Akanipokea kwa heshima kubwa, akaniita mtaalamu. Akasema kazi imefanyika ili kuokoa mazao, kwamba wakubwa zangu wana taarifa, kwamba nikiandika vibaya nitakuwa nimemchongea kila mtu hadi juu. Ofisini nako bosi wangu alitaka fomu ya mabadiliko ya kituo ifungwe haraka, kwa sababu fomu iliyokuwa wazi ilimletea maswali. Fomu ile ilikuwa na safu inaitwa "Sababu ya mabadiliko". Niliikodolea macho kutwa nzima. Jioni nikaandika neno moja, mafuriko, nikasaini, bosi akagonga muhuri. Wiki hiyo hiyo dereva wa shamba lile alishusha gunia la mchele nyumbani kwangu. Sikuuliza limetoka kwa nani. Mke wangu aliupika, na ulikuwa mchele mzuri.

Halafu nikafanya la pili, ambalo kwa fundi wa vipimo ni baya kuliko la kwanza. Niling'oa ubao kwenye mto wa zamani, nikausimika kwenye mfereji mpya, nikauachia jina lile lile na namba ile ile. Kwenye vitabu vya ofisi Lumbira ukawa haujawahi kusogea hata hatua moja. Jiwe la alama nililiacha lilipo, nikalifukia kwa mguu.

Mama Zuhura alipojua, aliacha kusoma. Siku ya kadi nilimkuta mlangoni, akanirudishia penseli ya ofisi, akaingia ndani.

Kilichofuata mnaweza kukihesabu wenyewe kwa masomo yenu. Mto ulionyooka una mbio, na mto wenye mbio unachimba. Sakafu ya Lumbira ilishuka masika ya kwanza, ikashuka zaidi masika ya pili. Banio la Itandula lililokuwa likichukua maji kwa urahisi lilibaki juu, maji yanapita chini yake. Kijito kilichoingia Lumbira pale juu nacho kikaanza kujichimba kurudi nyuma, na daraja la miguu likabaki na nguzo zake nje kama meno yasiyo na fizi. Udongo wote ule ulikwenda kumwagwa chini, mto ukajaa mchanga ukatawanyika kwenye mashamba ya watu wasiojua hata katapila lina rangi gani. Malori yakafuata mchanga. Wakachota hadi ukingoni, na shimo la mchanga likauvuta mto uchimbe tena. Kwa miaka yote hiyo karatasi zetu zilionyesha kituo chenye jina lile lile, na kila mkutano ulipoitwa, wataalamu walilaumu mvua.

Halafu mwaka jana shamba la tajiri likawa na macho makubwa zaidi. Viongozi wa Lusungo wakaligawia shamba lile majaruba ya Mama Zuhura, kwa hoja kwamba yako upande wao wa mto. Alipobisha, na Itandula nzima ikabisha pamoja naye, meneja akatoa nakala ya karatasi. Ilikuwa fomu yangu. Sababu: mafuriko. Sahihi yangu, muhuri wa serikali. Alisema katapila lilikuja baadaye kurekebisha tu, na makubaliano ya wazee yanajulikana: mvua ikihamisha mto, mpaka unaufuata. Wanakijiji walioiona mashine kwa macho yao waliambiwa macho hayana muhuri.

Hayo yote nilimweleza Neema sebuleni kwangu Iyunga. Aliandika muda wote bila kuinua kichwa. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu, kama niko tayari kuyasema mbele ya watu. Nilimjibu kwamba nina sukari na presha. Akasema ofisi ina gari.

Tulikwenda kwanza kwa Mama Zuhura. Neema alimwamkia shikamoo, akamwitikia vizuri sana. Mimi nilisalimia nikajibiwa salamu na si zaidi. Nilipomwambia nimekuja kusahihisha, alienda ndani, akarudi na daftari lile lile lenye jalada la gazeti, sasa la njano. Akalifungua kwenye ukurasa wenyewe bila kutafuta. Alikuwa ameufungua mara nyingi. Neema akatoa kwenye mkoba kadi ya zamani aliyoifukua kwenye maboksi ya ofisi, akaiweka pembeni ya daftari. Namba zilifanana zote, hadi sifuri ya mwisho. Mafuriko yangeupandisha mto kwanza kabla ya kuuhamisha. Hakuna mto unaofurika kwa sentimita arobaini na moja katikati ya kiangazi. Nilikuwa nimelijua hilo siku nilipoipokea kadi.

Mkutano wa vijiji vyote viwili ulifanyika pale pale mashambani, wenyeviti wote wawili wakiwepo. Meneja hakuyumba. Alisema daftari ni la mlalamikaji, mtu anaweza kuandika anachotaka kwenye daftari lake. Kuhusu kadi alisema kwamba imeandikwa kituo cha Lumbira, na kituo cha Lumbira kila mtu anakiona kiko wapi. Akanyoosha mkono kwenye ubao, mtoni: sifuri ile, alisema, ni ya pale, siku katapila lilipozuia maji kwa kurekebisha. Jina lile lile, namba ile ile. Kazi yangu ya mikono ilikuwa imesimama pale ikimtolea ushahidi.

Nikaomba majembe ya kufukua jiwe la alama. Mti niliokuwa nimeutumia kama alama ulishakatwa, ikabidi nikumbuke kwa hatua kutoka kwenye kona ya tuta la Mama Zuhura. Vijana wakachimba, hamna. Wakachimba tena, hamna, na watu wa meneja wakaanza kucheka. Saruji ilikuwa imeshang'olewa, kama Mzee Nyenza alivyosema. Jua lilikuwa kali, nami nilianza kuamini kwamba nimekuja kujiaibisha bure. Mama Zuhura akaja akasimama kando yangu. Alisema alikuwa akisimama pale kila asubuhi kusoma ubao, na jua la asubuhi lilimpiga shavu la kushoto, siyo usoni. Akajigeuza, akasogea hatua nne, akasema pale.

Jembe la tatu lilitoka na weusi. Mkaa, na ndani yake vipande vya chupa ya kijani. Tulipochimba upande wake tukaukuta na ukingo wa zamani wenyewe, changarawe ya mto imelala chini ya udongo wa jaruba, mawe ya duara ambayo hakuna shamba linaloyazaa. Mwenyekiti wa Lusungo, mtu mzima mwenye heshima zake, alichuchumaa akaokota jiwe moja akaligeuzageuza mkononi.

Ndipo nikasema. Sikuwa na hotuba.

"Fomu hiyo niliandika mimi. Mafuriko sikuyaona, na hakuna aliyeyaona, kwa sababu hayakuwepo. Ubao niliuhamisha mimi nikauachia jina lake. Nilipewa gunia la mchele, nikala na familia yangu."

Hakuna aliyenizomea. Ningependa wangenizomea. Meneja aliondoka kabla mkutano haujaisha, akisema atarudi na wanasheria, na kwa kweli sijui kama atarudi. Lakini mwenyekiti wa Lusungo alisimama mbele ya watu wake, jiwe bado liko mkononi, akasema makubaliano ni makubaliano na mtu ndiye aliyeuhamisha mto. Mpaka ukarudi kwenye mkaa. Watu wa Itandula wakapiga vigelegele, na Neema, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu nimjue, alicheka.

Nikamfuata Mama Zuhura kumpa mkono. Alikuwa amesimama upande wa pili wa majaruba yake, kwenye ukingo wa mfereji mpya, ambao sasa una kina cha kummeza mtu mzima na mwingine mabegani kwake. Kipande cha tuta kilikuwa kimening'inia na mpunga wake, kinasubiri mvua. Alinipa mkono. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mpaka umenirudishia, Bwana Rula. Na udongo je, utanirudishia lini?"

Shauri si gumu kulitaja: kufungua kona, kuupa mto njia yake, kupanda matete, kuzuia malori. Nimeandika barua tatu. Nimejibiwa moja, nimeambiwa suala langu linafanyiwa kazi, na nilifanya kazi ofisini muda mrefu wa kutosha kujua maana ya maneno hayo. Kwa hiyo nakasirika, na sitaki mnitulize. Neema naye amekasirika, na huyo ndiye ninayemtegemea, kwa sababu ana miaka thelathini mbele yake na mimi sina.

Kila mwezi nakwenda Itandula. Neema amesimika ubao mpya kwenye mfereji, una jina jipya na namba mpya, na Mama Zuhura anausoma asubuhi na jioni. Mimi na yeye tunapima kwa utepe kutoka kwenye jiwe jipya la alama, tulilolijenga juu ya mkaa ule ule, hadi ukingo wa mfereji. Mara ya kwanza zilikuwa mita mia moja thelathini na moja. Mwezi uliopita, baada ya mvua za kwanza tu, zilikuwa mia moja ishirini na nne. Mama Zuhura alishika ncha moja ya utepe, nikamsomea namba, akaiandika kwenye daftari. Amelichora safu upya kwa rula. Safu ya mwisho ni ya sababu.

Alinipa daftari na penseli, ile ile ya ofisi, sijui aliipata wapi tena. Nikaandika katapila. Hakulichukua daftari. Alisubiri, na mimi nikajua anasubiri nini, nikaandika jina langu mbele ya neno hilo, lote, jina la baba na la ukoo. Akalisoma, akafunga daftari, akaniambia tushike utepe tena, bado upande wa juu haujapimwa.